Barua kwa mwanangu: moyo ukikauka katika sala

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia unapiga magoti na hakuna linalotoka, na hata Misa unahudhuria mwili tu. Kabla hujajihukumu kwamba imani imekufa, chunguza ukavu huu umetoka wapi, maana dawa yake si moja.

Anza na mwili. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alijilaza chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu. Kama umechoka kupita kiasi, lala kwanza. Na kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kitu kinachokupa raha, si sala wala chakula wala marafiki, nenda kwa daktari, na sala usiache. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na ukavu wa roho vinaweza kukaa nyumba moja.

Kisha dhamiri. Kama kuna dhambi unayoizunguka, au sala umeikata kidogo kidogo mpaka ikaisha, ungama na urudi.

Ukikuta si hayo, Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mwalimu wa sala, anataja alama tatu za kupima kama ukavu huu ni Mungu anayekusafisha, na zote ziwepo pamoja: hupati ladha katika mambo ya Mungu wala katika mambo ya dunia, una wasiwasi kwamba humtumikii Mungu ipasavyo, huwezi tena kutafakari kama zamani, hata ukijitahidi. Ishike sana hiyo ya pili. Aliyepoa kwa uvuguvugu haumii kwa kupoa kwake. Wewe unaumia, mwanangu, na maumivu hayo ni upendo.

Sasa namna ya kusali. Weka dakika 15, saa ile ile kila siku, utumie saa ya ukutani na si hisia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba wakati wa ukiwa, yaani roho inapokuwa kavu na gizani, mtu asipunguze muda aliojiwekea, bali auzidishe kidogo. Kwa hiyo ukisikia hamu ya kuinuka dakika ya 10, kaa hadi ya 16. Kishawishi kinapenda kukupunguzia dakika moja moja, na ukikizoesha kushindwa hapo, kinachoka.

Nyamaza dakika mbili. Kisha soma Zaburi 13 kwa sauti, polepole. Ina aya 6 tu. Katika mbili za kwanza, “hata lini” inarudi mara nne. Kila inaporudi, simama, uweke hapo jambo lako kwa jina lake, bila kulipamba. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi: “Uyatie nuru macho yangu.” Mbili za mwisho ni matumaini, na hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani wanamdanganya Mungu kwa kusema wasichokisikia. Sema tu. Unaazima maneno ya Kanisa mpaka ya kwako yarudi. Siku zikiwa nzito zaidi, chukua Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila neno la sifa, na bado Kanisa huisali katika sala ya usiku kila Ijumaa. Dakika zinazobaki sema Baba Yetu, ombi moja moja.

Kinachoharibu zaidi ni kukimbiza hisia: leo novena hii ya siku tisa, kesho mkesha ule, kisha mfungo mrefu juu ya mwili uliochoka. Kingine ni kujipima katikati ya sala, “je, nimesikia kitu?” Jicho likishajigeukia lenyewe halimwoni Bwana tena.

Usibadili uamuzi wowote mkubwa sasa. Kama uliahidi kuimba kwaya, kuchumbia au kuingia utawa ukiwa na amani, ahadi hiyo isivunjwe ukiwa gizani. Hilo nalo ni fundisho la Inyasi. Komunyo usiikose kwa sababu tu huhisi kitu, kwa maana neema yake haitegemei hisia zako. Tafuta muungamishi mmoja, umweleze hali yako kila baada ya wiki mbili, yeye yule, ili aone mabadiliko usiyoyaona wewe.

Nitumie saa uliyochagua kwa zile dakika 15, nami nitakuwa magotini saa hiyo hiyo.

Mama yako