Kusikiliza Maji ya Bustanini

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta salama. Uliniambia kwamba umejaribu taamuli, yaani zoezi la kuketi na kutuliza akili, ukashindwa, kwa sababu kila ukiketi kimya mawazo hukuzonga kuliko mwanzo.

Hukushindwa, mwanangu. Ulipokuwa mdogo ulizoea kuuziba mfereji wa bustani kwa udongo ili maji yasimame, ukalia yalipojipenyeza pembeni, na naona ndivyo unavyofanya sasa na mawazo yako. Taamuli haikutaki uyazuie. Inakutaka utambue yanapokuchukua, kisha urudi.

Urudi wapi? Mimi hurudi kwenye mlio wa maji. Ukiwa mbali utadhani ni mlio mmoja, lakini ukiketi karibu na pale yanapoangukia jiwe, ukafumba macho, utasikia sauti nene inayotoka chini na nyingine nyembamba ya matone ya pembeni. Sehemu kubwa ya mlio huo hutokana na viputo vya hewa vinavyonaswa ndani ya maji na kutetemeka, kiputo kikubwa kikitoa sauti nene na kidogo sauti nyembamba. Nami tangu nilipolijua hilo husikiliza kwa makini zaidi.

Chagua sauti moja, tuseme ile nyembamba, uifuate huku ukitoa pumzi polepole, kwani mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapoitoa. Wazo la kazi au la deni likija, usigombane nalo; litambue, kisha itafute tena ile sauti. Ukipotea mara ishirini na kurudi mara ishirini, zoezi umelifanya, tena vizuri.

Asili ya zoezi hili la kutambua na kurudi ni mapokeo ya kale ya Kibuddha. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kulifundisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa mpango wa wiki kadhaa, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wagonjwa wenye maumivu sugu, ambao walifundishwa kuyaangalia maumivu yao badala ya kupambana nayo. Nakuomba uyatendee hivyo hivyo mawazo yanayokukosesha usingizi, ingawa yakizidi usione haya kumwona daktari.

Anza na dakika 10 kila asubuhi, mahali pale pale. Ukisikia katika maji hayo sauti ambayo sikukutajia, niandikie.

Akupendaye,
Mama yako