Kabla ya kumhubiria mpweke, kaa naye

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na Wakristo wenzangu.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Sisi tuliofanya kazi ya uuguzi hatukushangaa. Yule mgonjwa kando ya birika la Bethzatha, katika Yohana sura ya 5, alikuwa ameugua miaka 38. Yesu alipomuuliza kama anataka kuwa mzima, hakusema ndiyo wala hapana. Alianza kueleza kwamba hana mtu wa kumtia majini.

Kinachonikera ni namna tunavyowaendea watu kama hao. Hakuna mtu rahisi kumwongoza sala ya toba kama mpweke. Atafumba macho na kurudia kila neno unalomtajia, maana anajua ukimaliza utaondoka. Wodini nilimwona mzee mmoja akisalishwa na vikundi tofauti ndani ya wiki moja, na kila kikundi kikamwandika daftarini kuwa ameokoka. Nikamuuliza mbona anaokoka kila wakija. Akanijibu, "Sista, wakisali wananishika mkono."

Hao walioandika majina hawakurudi. Labda walikuwa na wodi nyingi za kumaliza.

Siku hizi nimestaafu na mimi ndiye mgonjwa, nasubiri kwenye benchi la kliniki ya presha kama wengine. Kuna baba mmoja tuliyekuwa tunakutana pale bila kufahamiana. Siku moja aliniuliza tarehe. Nikamtajia. Baada ya muda akauliza tena, na simu iko mkononi mwake, tarehe inaonekana kwenye kioo. Nikafunga kitabu nikamuuliza habari za nyumbani. Basi yakatoka yote: mkewe alifariki, ndiye aliyekuwa akimpangia vidonge, na mpaka leo akivihesabu asubuhi huvihesabu kwa sauti ili mkewe asikie kama amekosea. Sikumtolea mstari wa Biblia. Nilimuuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani, akaongea mpaka nikaitwa kwa daktari.

Tulipokutana tena yeye ndiye aliyeanza. "Mama, hivi wewe unaamini tutaonana na waliotangulia?" Nikamwambia naamini, kwa kuwa Kristo alifufuka, na kwamba nilimzika mume wangu nikiwa na tumaini hilo, ingawa kulia nililia. Akasema yeye hajui. Nikamwambia haya, tuendelee na hadithi yetu. Mpaka leo anasema hajui, na nafasi yangu kwenye benchi bado ananishikia.

Najua nitaambiwa muda ni mfupi, mtu anaweza kufa kesho hajaisikia Injili. Hoja hiyo ina uzito, na sisemi tunyamaze. Lakini Petro katika waraka wake wa kwanza alituagiza tuwe tayari kumjibu anayetuuliza habari za tumaini letu, tena kwa upole. Filipo alimuuliza yule towashi wa Kushi kama anaelewa anachosoma, kisha akapanda garini aliposihiwa apande. Hata kule kisimani Samaria, Yesu alianza kwa kuomba maji ya kunywa, yaani alimpa yule mama nafasi ya kumsaidia yeye. Na watu wa mji walipomsihi akae, alikaa siku mbili. Sisi dakika kumi tu tunaona tumefanya huduma!

Wapo pia wasiotaka maongezi, na wapo wenye imani yao nyingine ambao wanahitaji tu mtu wa kuwasikiliza. Hao nao tukae nao, na tusiwadanganye kwa urafiki wenye mtego ndani yake.

Ombi langu ni kwa wachungaji na viongozi wa idara za uinjilisti. Kwenye fomu zenu za taarifa, ile sehemu ya idadi ya waliookoka iacheni kama mnaona ina kazi. Ila ongezeni safu moja pembeni ya kila jina: nani atarudi kumwona, na siku gani.

Muuguzi mstaafu