Kwa Zuhura, kabla hujakaa mezani Chiang Mai

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na matayarisho ya safari yanakwenda vizuri. Umeniuliza utakula nini Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, wewe usiyegusa nguruwe, na kama vyakula vya Kithai ulivyozoea hotelini vitakusaidia kujua cha kuagiza. Havitakusaidia sana. Ile michuzi ya tui jingi na sukari asili yake ni Bangkok na kusini. Kaskazini ni nchi ya milima, mbali na minazi, na michuzi yake mingi haitiwi tui kabisa. Uchachu wake hutoka kwenye ukwaju na nyanya ndogo chachu, na harufu yake ni ya pilipili na vitunguu vilivyochomwa mkaani kabla ya kutwangwa.

Tafuta vigenge vya mtaani vyenye viti vya plastiki na masufuria ya alumini yaliyopangwa mbele, unaonyesha kwa kidole wakupakulie. Uliza "ahan mueang", yaani chakula cha mji, cha wenyeji. Kibao kinaweza pia kuandikwa "ahan nuea", chakula cha kaskazini. Angalia hapo, maana "nuea" ni pia nyama ya ng'ombe. Toni ndiyo inayotenganisha, na sikio geni halisikii tofauti. Ukitaka ng'ombe, onyesha sufuria.

Kabla ya kitoweo, agiza wali wa kunata, "khao niao". Usikubali kupewa wali mweupe wa kawaida kwa sababu tu wewe ni mgeni; vitoweo vya huko vimepikwa vikali na vya chumvi kwa ajili ya tonge, na ukivimwaga juu ya wali wa sahani utaona vimezidi chumvi na utamlaumu mpishi bure. Mchele wenyewe karibu hauna amilosi, ule wanga unaozifanya punje ziachane. Ukiuchemsha kama wali wetu unakuwa uji. Kwa hiyo huroweshwa usiku kucha, ukachujwa, ukawekwa kwenye kikapu cha mianzi chenye umbo la pia, ukapikwa kwa mvuke juu ya sufuria nyembamba kwa nusu saa hivi. Ukiiva humwagwa kwenye ubao na kupepewa ili mvuke utoke, ndipo uingie katika kikapu kidogo chenye kifuniko utakacholetewa mezani.

Kula kwake kutakuwa rahisi kwako kuliko kwa Mzungu yeyote, kwa kuwa tonge unalijua. Ila usilifanye kubwa kama la ugali. Chukua kiasi cha ncha ya kidole gumba, kiminye kwa vidole mara mbili tatu mpaka punje zishikane, kibonyeze katikati, uchote kitoweo. Mkono uwe mkavu. Na rudisha kifuniko kila unapochota, maana wali huo ukipigwa na upepo kwa dakika kumi tu unakauka juu na kuwa kama mpira. Kikapu kimoja kinamtosha mtu mmoja hata kikionekana kidogo. Unashiba polepole, kisha unashiba sana. Usiuzamishe ndani ya mchuzi.

Sasa masufuria. Anza na nam prik num. Ni pilipili ndefu za kijani, zile nene zisizo kali sana, zimechomwa pamoja na vitunguu vidogo vyekundu na vitunguu saumu mpaka maganda yameungua. Huyamenya, wakatwanga kwa chumvi. Iliyotwangwa vizuri utaiona kwa jicho: ina nyuzinyuzi, unaweza kuivuta kama nyuzi za embe. Ikiwa laini kama rojo, imesagwa kwa mashine na maji yamejitenga pembeni, hiyo iache. Huliwa na mboga zilizochemshwa, matango na kabichi, lakini mara nyingi pembeni huwekwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikatutumka. Sema mapema, "mai ao khaep mu", siitaki hiyo. Wengine pia hutia humo sosi ya samaki au uduvi uliochachushwa. Ndugu yake, nam prik ong, ile nyekundu ya nyanya, ina nguruwe wa kusaga ndani yake, kwa hiyo ipite.

Kwa mtu kama wewe kuna aep pla: samaki aliyepakwa viungo vya kutwanga, mchaichai, manjano, pilipili, akafungwa katika jani la mgomba na kubanikwa mkaani taratibu. Hakuna tui wala mafuta, na jani linatoa harufu ambayo huhitaji kuelezwa. Kuna kaeng khae kai, mchuzi wa kuku na majani ya kila namna. Utakuta humo jani moja linalotia ganzi ulimini. Ndivyo lilivyo, si kwamba chakula kimeharibika. Na kuna tam khanun. Hili litakufurahisha, kwa sababu ni fenesi changa, lililochemshwa mpaka likalainika, likatwangwa na kukaangwa kwa viungo na nyanya. Sisi tunangoja fenesi liive na kunukia mtaa mzima. Wao wanalikata mapema na kulifanya kitoweo. Lakini uliza kwanza, maana wapishi wengi hulitia nguruwe wa kusaga.

Tatizo lako kubwa si nyama unayoiona. Ni mafuta. Vigenge vingi hukaangia mafuta ya nguruwe hata mboga za majani, na kijiko kimoja huzunguka masufuria yote. "Mai sai mu, mai sai lueat" maana yake usitie nguruwe, usitie damu, lakini mpishi anaweza kukubali kwa moyo safi na bado akatumia mafuta yale yale, kwa kuwa yeye hayahesabu kuwa nyama. Kwa hiyo sema "pen Itsalam kha", mimi ni Muislamu, na hapo wengi watakuambia wenyewe kipi kisikufae. Mahali penye alama ya kijani ya almasi yenye neno la Kiarabu, hapo tulia. Ukiuliza kwa mdomo, wao hutamka "halan".

Kuhusu laab, nyama iliyokatwakatwa na kuungwa viungo, sitaficha neno. Laab ya kaskazini si ile ya ndimu. Inaungwa kwa viungo vikavu vilivyokaangwa, pilipili ndefu (dipli, si ile ya kijani), bizari nyembamba, na kimoja kiitwacho makhwaen, punje zinazonukia ganda la chungwa, kisha damu na matumbo. Ipo iliyokaangwa, laab khua, na ipo mbichi, laab dip. Ile mbichi ya nguruwe imewaambukiza watu bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo, na wengine wamebaki viziwi. Usiionje hata ukiambiwa ni ya ng'ombe. Na tambi za nam ngiao zenye maua makavu ya mti wa jamii ya msufi, hizo nazo kwa kawaida hupikwa kwa mbavu za nguruwe na vipande vya damu.

Mambo mazuri zaidi yako Barabara ya Charoen Prathet, kichochoro cha kwanza, penye msikiti wa Ban Haw. Waislamu wa Yunnan, jimbo la kusini mwa China, waliokuwa wakivuka milima na misafara ya nyumbu ndio waliouanzisha mtaa ule, na hapo ndipo unapaswa kula khao soi, tambi katika mchuzi wa tui. Nenda kabla ya saa nane mchana. Maduka ya khao soi hufungua asubuhi na sufuria likiisha wanafunga.

Hiki ni chakula cha kaskazini chenye tui, na wewe binti wa Pwani utaweza kukihukumu. Tazama uso wa bakuli kwanza. Pawe na mafuta mekundu yanayoelea kwa vidoa, kwa sababu viungo vimekaangwa ndani ya tui zito la kwanza mpaka likatoa mafuta, ndipo likatiwa supu. Humo mna tangawizi, manjano, giligilani, iliki nyeusi na bizari ya mchuzi. Kama mchuzi ni wa njano tupu, umekatika na una chengachenga, tui limechemka kwa nguvu baada ya kutiwa. Chini kuna tambi za mayai zilizochemshwa, juu tambi zile zile zimekaangwa kavu, na paja la kuku linaloachana na mfupa kwa kijiko, au vipande vya ng'ombe.

Kwenye kisahani utapata kipande cha ndimu, achari ya majani ya haradali, vitunguu vyekundu vibichi na pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta mpaka ikawa nyeusi. Usimwage vyote. Onja mchuzi mtupu kijiko kimoja. Kamua ndimu yote, tia nusu ya achari na vitunguu, koroga kutoka chini, onja tena. Pilipili nusu ya kijiko cha chai tu kwanza, kwa kuwa ukali wake huchelewa kufika na haurudi nyuma. Tambi za juu zile mapema. Zikikaa zinanyonya mchuzi na kulegea. Achari si pambo. Bila uchachu wake tui linakinaisha ukifika nusu ya bakuli. Maduka hayo hayo huuza khao mok kai, ambayo ukiiona utaita biriani na hutakosea sana. Bei ya bakuli mtaani ni kati ya baht 50 na 80.

Ukiwa huko siku ya Ijumaa, toka mapema. Asubuhi kunakuwa na soko la Wayunnan na watu wa milimani mkabala na msikiti; utapata achari za haradali, chai na majani usiyoyaona kwingine, na soko linakwisha kabla ya adhuhuri, unavuka njia kuingia kuswali.

Uniletee makhwaen, gramu mia tu, kutoka soko la Warorot. Chagua zilizopasuka, nyingi ganda, punje nyeusi chache, kwani harufu imo kwenye ganda. Ziminye kiganjani. Zikinuka ganda la chungwa, nunua.

Wasalaam,
Rukia