Mwambieni Mjomba Sikuja Kusomea Uganga

Seattle, Jumapili usiku

Mama, shikamoo. Na Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie mjukuu wake anamuota.

Pesa ya bati mtaipata Ijumaa, ila isipitie mkononi mwa Hamisi. Ya kiwanja nimeyasikia, leo siyagusi. Mimi mzima, kazi ipo, baridi imepungua.

Kilichonikaa rohoni ni maneno ya Mjomba niliposema nataka kusomea tiba asilia: "Umevuka bahari kwenda kusomea uganga?" Tena simu iko spika, kwenye shughuli ya Mama Zuhura, watu wamejaa. Sikupata usingizi. Basi Mama, msomee haya.

Jana nilikwenda kutembelea Chuo Kikuu cha Bastyr, hapa Kenmore, nje kidogo ya Seattle. Kilianza mwaka 1978, na pale zamani palikuwa seminari ya Kikatoliki, miti mirefu kila upande. Wanafundisha lishe, tiba ya sindano ya Kichina, na udaktari wa tiba asilia. Huo udaktari ni miaka minne baada ya digrii ya kwanza, na masomo ya viungo vya mwili na kemia yake, yaani anatomia na biokemia, humo humo. Ukihitimu unafanya mtihani, jimbo la Washington linakupa leseni. Mjomba alisikie hilo neno vizuri: leseni.

Wakatupitisha kwenye bustani ya dawa. Nikainama, nikafikicha jani la mrehani. Mama! Nilijiona niko Temeke uani, Bibi anatwanga, kile kitambaa cheupe cha kuchujia kimening'inia kwenye kamba. Wenzangu walitangulia, mimi nimesimama tu na vidole puani.

Baadaye mwalimu akauliza nani anaujua mwarobaini. Nikanyoosha mkono. Nikaeleza Bibi anavyochuma, anavyochemsha, na kwamba mjamzito hampi hata akililia. Akasema hasa hilo la mjamzito ndilo wanalowafundisha wanafunzi wao. Chumba kizima kilinigeukia, mimi mtoto wa Temeke! Bibi hajakaa darasani hata siku moja.

Na Mjomba asidhani ni mambo ya Wazungu. Hapo Muhimbili utafiti wa tiba asili ulianza mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Ile dawa mseto iliyomwinua na malaria, asili yake ni mmea wa artemisia ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi. Mwanasayansi wao, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua kilichomo ndani yake. Mganga gani huyo anayemcheka?

Nimeshaamua. Naanza kurudia kemia, kisha naomba nafasi.

Zuhura anunue daftari kubwa, hela yake nimeichanganya na ya bati. Akae na Bibi jioni akishaswali, aandike: jina la mti, kinachotumika ni jani, gome au mzizi, kiasi gani, na nani asipewe. Asimharakishe. Aanze na ule mzizi wa tumbo ambao Bibi hajawahi kututajia jina lake.