Ritani kukataliwa kwa sababu ya IP PIN

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Wengi mnauliza kwa nini IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, inakataa ritani (fomu ya kodi ya mwaka) mara tu mkituma. Mara nyingine tatizo ni IP PIN, ile namba ya tarakimu 6 inayomzuia mwizi asijaze kodi kwa namba yako ya Social Security. Hubadilika kila mwaka, kwa hiyo ya mwaka jana haifai kitu. Wala msiichanganye na PIN ya tarakimu 5 ya kusaini. Programu huziuliza sehemu tofauti.

Barua ya IRS yenye namba hiyo imepotea, au mlihama? Ingieni kwenye akaunti yenu katika tovuti ya IRS, mtaikuta humo. Ijazeni, tumeni tena, basi. Mtoto uliyemweka kama tegemezi akiwa na IP PIN yake, nayo lazima ijazwe. Hapo ndipo watu wanahangaika wakidhani kosa ni la mshahara.

Jamani, msiibandike namba hiyo humu kikundini, hata inboksi kwangu msitume. IRS haipigi simu kuiomba, anayepiga ni tapeli. Asiyeweza kufungua akaunti aje Jumamosi baada ya kikao na simu yake pamoja na kitambulisho chenye picha.