Boti wako anakuandikia

Tanga, Jumapili usiku

Kaka Hemedi,

Assalaam alaykum. Habari za Muscat, habari za kazi, habari za joto? Sisi huku wazima. Mvua hazikati, hadi Chande kahamishia mbuzi wake barazani kwetu bila hata hodi. Mama anakusalimu sana, anasema ile halua uliyompa Mudi aje nayo haijamfikia. Mudi ukimuuliza anacheka tu.

Haya, lililonikalisha ni hili. Wiki tatu sasa tunatumiana magoli ya Coastal Union kama vile hakuna kitu, na kitu kipo. Tukiwa kwenye Fortnite, ule mchezo wa kompyuta wa kuviziana kwa bunduki, uliniita boti, yaani mchezaji bandia anayeendeshwa na kompyuta. Tena mbele ya wale wenzako wawili, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nilipomsimulia shemejio akauliza, boti ipi, hii ya kwenda Pemba?

Najua ni utani. Hata mimi nilicheka, siku ya pili yake. Ila upande wangu wewe ulishausahau, acha nikukumbushe.

Pedi ya kuchezea sikuwa nimeishika tangu binti yangu Nasra azaliwe. Niliporudi Fortnite, peke yangu, mechi ya kwanza kabisa nikashinda. Nimeshinda, Hemedi! Tumeruka 100 kutoka kwenye basi, nimebaki mimi. Nikamwamsha mke wangu. Akauliza wamelipa shilingi ngapi, akageukia ukutani. Kesho yake Mudi ndiye aliyenitoboa puto: wengi niliowaangusha walikuwa maboti kwelikweli, ya kompyuta. Epic, wenye mchezo, waliyaingiza mwaka 2019 pamoja na mfumo wa kupanga watu kwa viwango, ili mgeni asimezwe mzimamzima siku anayoingia. Hapo nikamkumbuka yule jamaa aliyesimama wima kando ya mti, akanifyatulia risasi tatu, zote tatu zikapita. Nilidhani kanionea huruma.

Basi nikakizoea kidimbwi changu. Maboti yakapungua, watu wakaongezeka, mara mojamoja nafika kumi bora, kushinda hakuna, lakini nalala nimeridhika. Ndipo ukanialika kikosini kwako. Na mfumo ukikuta papa na dagaa wamefuatana, wala hauwashushi penye maji ya dagaa. Sijamaliza dakika tangu nitue, nikamwona mtu, nikampiga ya kwanza. Kabla sijafyatua ya pili, kwa kuwa mle mtu anaruhusiwa kujijengea kuta za kujikinga, keshasimamisha ghorofa tatu, kaweka ngazi, kaezeka, kakata dirisha, ananichungulia kutoka juu. Kwa sauti ni mtoto wa darasa la sita. Nilitamani ningekuwa na rangi nyekundu nimchoree X ukutani kama watu wa barabara. Na pingi yangu, yaani intaneti inavyochelewesha mchezo, usiku ule ilikuwa milisekunde 170, yenu haifiki 30. Nyie mnauona ukuta unajengwa, mimi nauona umeshapigwa plasta.

Ndiyo ukasema lile neno.

Sisemi wenye mchezo ni wajinga. Kazi yao ngumu. Unalikumbuka BRUTE, Agosti 2019? Bugha ana siku chache tu tangu abebe dola milioni 3 za Kombe la Dunia la Fortnite kule New York, kijana wa miaka 16, mara wakatuletea lile dude la chuma, ambalo hata mimi nikilipanda nafagia kikosi kizima cha watu waliokesha miaka miwili wakijifunza kujenga. Wewe ulitukana kwa lugha tatu. Mimi nililipenda sana. Leo nakiri ulikuwa na haki: ule haukuwa ushindi, ilikuwa sawa na kuingia uwanjani na lori. Walijitetea kwamba wanataka mtu wa kiwango chochote aonje kushinda, halafu wao wenyewe wakalipunguza makali. Huwezi kumpandisha mmoja kwa kumvunja mwenzake miguu.

Cha Machi 2022 ndicho nilichokielewa. Wakauondoa ujenzi siku tisa hivi, watu wakaonja, kisha ukarudi mahali pake na Zero Build, yaani mchezo bila kujenga, ikabaki kama mlango wa pili. Kule waliweka ngao ya ziada inayojijaza yenyewe, basi. Anayejenga ajenge. Mwenye mtoto na zamu ya alfajiri alenge shabaha, na kulenga nalenga, au umesahau nani alikuwa anaangusha maembe ya Bi Zuhura kwa manati?

Chande alishalijua hili zamani, kabla ya hao wote. Pale kibandani kwake, tulikokuwa tunalipia kucheza mpira wa pedi, sheria ilikuwa moja: ukifungwa unaachia pedi. Sasa wewe ukikaa hakuna wa kukutoa, watoto wanaanza kuondoka mmojammoja, Chande anaziona sarafu zake zinatoka mlangoni. Akaamua: ukishinda tatu mfululizo, ya nne timu unachaguliwa na mpinzani. Wakakutwika timu ya daraja la nne la Uingereza, ukanuna, ukaichukua. Mwisho ukawa unamjua mpaka kipa wao kwa jina, na unatufunga kwa kona tu! Nadhani hujawahi kucheza vizuri kama miezi ile. Watoto wakarudi.

Mudi ananiambia unataka kufungua akaunti mpya ili upangwe chini nami. Tafadhali usifanye hivyo. Utakaowaua kule ni akina mimi, mmoja wao huenda usiku huo ndiyo kwanza kamwamsha mke wake.

Halafu kuna kisa cha Blizzard, kampuni nyingine ya michezo, sijui kama nilishakusimulia. Mchezo wao wa World of Warcraft ulipokuwa kwenye majaribio, kabla ya kutoka 2004, waliweka kwamba ukicheza muda mrefu pointi za uzoefu zinashuka hadi nusu, ili wakeshaji wasiwaache mbali wenye saa moja ya kuibia. Watu wakachachamaa. Wakageuza maneno tu: aliyepumzika anapata asilimia 200, muda ukimwishia anarudi 100 ya kawaida. Hesabu ileile, na watu wakafurahi. Kwa hiyo usiku ule ungeweza kuwaambia wenzako, huyu jamaa kapumzika miaka mitatu. Hesabu ileile, Hemedi.

Nimemaliza, sina kinyongo. Ila nijibu: Ijumaa baada ya Isha utakuwa na nafasi? Saa tatu yangu, saa nne yako, Zero Build, sisi wawili bila wale wenye kukohoa? Na yule aliyepaliwa, ndiye mpemba uliyesema anajuana na marehemu mjomba, au ni mwingine? Ile pedi yako ya zamani iliyokuwa inavuta kushoto bado unayo, na kama unayo, Mudi akija tena unaweza kumpa? (Pedi hailiwi.) Mwezi wa saba unakuja kweli au ndiyo yaleyale ya mwaka jana? Nasra anauliza ba'mdogo wake anaishi ndani ya televisheni, nimjibu nini?

Luku imebaki yuniti mbili, na mbuzi wa Chande wameanza tena.

Wako,
Abuu