Shukrani kwa wote mliosimama na sisi kwenye msiba wa Baba

Mungu ni mwema jamani. Leo siku ya kumi na moja tangu tumpumzishe Baba na ndo nimepata nguvu ya kuandika.

Zile siku za oksijeni ndo zilitumaliza. Tarehe 29 Oktoba 2024 Jenerali Msuguri kafariki huko Mwanza, tukakubaliana Baba asiambiwe, wapi, redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili ikasema yote. Akanyamaza wee, halafu akaomba kofia yake. Vita vya Kagera Baba alikuwa dereva wa lori, divisheni ya 20, mkuu wao ndo huyo Msuguri, jina la utani Jenerali Mutukula. Nyumbani tulishakariri: kazaliwa Butiama 1920, kaingia KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, 1942, kafika mpaka Madagaska, 1980 hadi 1988 mkuu wa majeshi. Ila hadithi ikifika mapigano ya Lukaya, kule Uganda, Baba anaomba chai. Siku ile akasema "mwenzangu kaondoka na 104, mimi wa 70 nalalamika nini". Baada ya siku tisa na yeye akaondoka.

Nesi wa zamu ya usiku, zamu yako ilishaisha ukabaki umemshikia simu aone mazishi ya Butiama, Mungu akulipe mwanangu maana sisi hatuwezi. Na wewe mzee wetu uliyetoka Bukoba na basi, medali umezifunga kwenye leso, mvua yote ile ukasimama mguu sawa pale kaburini mpaka udongo wa mwisho, Mama anakutaja kila akishika rozari.

Asanteni padri, jumuiya yetu, kwaya, wastaafu wa jeshi, mwenyekiti wa mtaa, wajomba wa Tarime, mashangazi, vijana wa bodaboda mliobeba maji bure, kina mama wa jikoni, grupu la watsapu la michango, wa turubai na viti, majirani woote.

Tunaomba radhi sana sana kwa tuliowasahau. Daftari la rambirambi lililowa, kurasa mbili hazisomeki kabisa, kwahiyo kama ulitoa na hukusikia jina lako ni mvua, sio sisi, Mungu anayo orodha kamili.

Misa ya arobaini ni hapahapa nyumbani, karibuni. Na mwenye lile sufuria kubwa lenye rangi nyekundu kwenye mpini, bado liko kwetu, Mama kashalisugua.